Ulikuwa Wapi Jana?

Eastlands ina masoko mawili yenye majina ya vita. Kariokor limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi waliochukuliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kubebea jeshi la Mwingereza mizigo hadi Tanganyika. Burma, soko la nyama lililo kando ya Jogoo Road karibu na City Stadium, lina jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles walipigana na Wajapani mwaka 1944. Watu huenda Burma kununua nyama kwa bei ya watu, kula mbuzi na ugali, kunywa supu asubuhi wakitoka shifti ya usiku. Jina halimsumbui mtu. Ukimwuliza mkata nyama kwa nini panaitwa Burma atakuambia ni mambo ya wazee wa vita, kisha atakuuliza unataka kilo ngapi.

Kuna kitu kimoja kinachoyaunganisha majina haya mawili. Katika vita vyote viwili ugonjwa uliangusha watu wengi kuliko risasi. Wapagazi wa Kariokor walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, nimonia na malaria. Kule Burma malaria ilikuwa adui wa kwanza na Mjapani alifuata nyuma. Na hawa wanaume walitoka katika nchi ambayo, kisheria, mfanyakazi mweusi aliyelala nyumbani na homa angeweza kusimamishwa mbele ya hakimu kwa sababu hakufika kazini.

Nimekuwa nikijiuliza kwa muda kwa nini Nairobi, mtu akikosa kazi siku moja, swali la kwanza analokutana nalo langoni ni "ulikuwa wapi jana?" Haulizwi "umepona?" Nilidhani ni ukali wa masupavaiza tu. Nikaanza kusoma sheria za zamani na nikaona swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi, ikaiunda upya mwaka 1910. Chini ya sheria hiyo, kuvunja mkataba wa kazi hakukuwa jambo la watu wawili kudaiana fidia. Lilikuwa kosa la jinai. Kutoanza kazi uliyoandikwa, kukosekana kazini bila ruhusa au sababu halali, kulewa saa za kazi, kuzembea, kumtukana bwana, kukataa amri yake: yote hayo yangeweza kukupeleka kwa hakimu, na hakimu akakutoza faini au akakufunga. Uingereza kwenyewe adhabu za namna hiyo kwa wafanyakazi wake zilikuwa zimefutwa mwaka 1875. Yaani miaka 31 baada ya kuziona hazifai kwa mfanyakazi wa Manchester, wakazileta Nairobi zikiwa bado zina makali.

Sasa mtu atasema, lakini ugonjwa si ni sababu halali? Kwenye karatasi, ndiyo. Shida ni nani aliyekuwa akipima uhalali. Bwana alikuwa mlowezi. Hakimu mara nyingi alikuwa ofisa wa serikali iliyotaka mashamba ya walowezi yapate watu. Daktari alikuwa mbali, na mgonjwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha, maana alikuwa ametibiwa na nyanyake kwa mitishamba. Sheria za enzi hizo zilimtwika bwana wajibu wa kumpa mtumishi dawa akiugua, lakini mtumishi ndiye aliyebeba kazi ya kuthibitisha kwamba hakuwa anahepa.

Halafu kulikuwa na tiketi. Wengi mashambani walifanya kazi kwa tiketi ya siku 30, na hizo zilikuwa siku 30 za kazi. Kalenda haikuhesabiwa. Siku uliyofanya kazi iliwekwa alama na siku uliyougua ilibaki tupu. Mshahara ulikuja tiketi ikijaa. Kule Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge, kadi yenyewe iliitwa kipande, na mtu alipewa kwa kawaida siku 42 za kumaliza alama zake 30. Ukitazama mpango huu kwa makini utaona kwamba likizo ya ugonjwa haikuwa imesahauliwa. Ilikuwemo, ila mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeilipia, kwa siku zake, mwisho wa mwezi ambao haukuisha.

Kenya neno kipande lilibeba uzito mwingine. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kufanya kazi baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Ndani mwajiri aliandika tarehe uliyoanza, mshahara wako, na siku uliyoachishwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa mtego. Bwana asipokusaini kwamba umetoka, mwajiri mwingine hakutakiwa kukuchukua, na rekodi za Nairobi zingeweza kuonyesha ulikotoka.

Fikiria mtu wa Murang'a au wa Maseno anayefanya kazi ya reli au ya manispaa katika miaka ya 1920. Anaishi chumba kimoja na wenzake wanne kule Pumwani au kwenye landhies za Muthurwa. Ameshikwa na homa. Mji haukujengwa ili yeye augulie humo. Hakuna mke, hakuna mama, hakuna mtu wa kumchemshia uji mchana. Anayeugua hivyo huenda nyumbani, na hakuna mtu wa zama hizo ambaye angeona ajabu. Lakini kwa kipande chake, mtu huyo hajaenda kuugua. Ametoroka. Sheria ilikuwa na neno hilo tayari, neno lililotoka jeshini, na kutoroka kulikuwa na adhabu nzito kuliko kukosa siku moja.

Harry Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi tarehe 16, kipande kilikuwa kati ya mambo aliyokuwa akiyapinga, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Hadithi hiyo inajulikana, na jina la Mary Nyanjiru linajulikana zaidi siku hizi kuliko zamani, jambo zuri. Mimi nataka kurudi Burma, kwa sababu kule kulitokea jambo ambalo sijaona likisimuliwa na watu wa Eastlands wenyewe.

Jeshi la 14 la Mwingereza, ambalo ndani yake kulikuwa na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, lilikuwa chini ya Jenerali William Slim. Slim aliandika baadaye kwamba mwaka 1943, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa uwanjani akiwa na jeraha, watu 120 waliondolewa wakiwa wagonjwa. Jeshi la namna hiyo haliwezi kupigana. Kulikuwa na vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria, lakini askari hawakuvipenda. Viligeuza ngozi kuwa ya manjano, na kulikuwa na uvumi kwamba vinamaliza nguvu za kiume. Uvumi wa dawa na nguvu za kiume, kumbe si wa juzi.

Slim alifanya nini? Kuwaadhibu wagonjwa peke yake kusingemfikisha popote. Alianza kupima vikosi kwa kushtukiza, kila mtu kikosini. Kikosi kikionekana na chini ya asilimia 95 ya watu waliomeza dawa, Slim alimfuta kazi kamanda. Anasema alilazimika kuwafuta watatu tu. Waliobaki wakaelewa.

Soma tena hapo. Watu wamekosekana kazini kwa sababu ya ugonjwa, na swali linaenda kwa mdosi: wewe ulifanya nini ili wasiugue? Jeshi la kikoloni, ambalo halikuwa na huruma ya ziada kwa Mwafrika, lilifika kwenye hesabu hiyo kwa sababu moja. Kule msituni lilihitaji kila mtu, na hakukuwa na foleni ya wengine langoni. Askari wa Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, mahali palipokuwa na malaria, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Kisha vita vikaisha na wakarudishwa nyumbani.

Nyumbani, foleni ilikuwa langoni. Na kipande kilikuwa kikiwasubiri. Mtu aliyekuwa koplo alivuliwa yunifomu akavishwa tena kikopo cha bati. Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimjua kama Jenerali China, alikuwa mmoja wa waliotoka Burma. Alifanya kazi ya kuchochea moto kwenye injini za reli kabla ya kuingia msituni. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na walowezi waliosikia kwamba sasa wao pia watatoa alama za vidole wakapiga kelele hadi mbinguni. Miaka 27 vidole vya Waafrika vilikuwa vimepakwa wino bila kelele hizo kusikika.

Tukitoka Burma kwa miguu hatufiki mbali kabla ya kuingia Kaloleni. Katika ukumbi wa mtaa huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi akataka uhuru wa Afrika Mashariki utangazwe kuwa dai la mkutano. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Mei, yeye na Fred Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja, na mitaa iliyoubeba ni hii hii: Shauri Moyo, Kaloleni, Pumwani. Walidai viongozi waachiliwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, na polisi waache kuvamia nyumba za watu usiku.

Mgomo ni nini kama si kukosekana kazini bila ruhusa, ila kwa pamoja? Kwa miaka 44 sheria ilikuwa imemshughulikia anayekosekana mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake, kila mtu na hakimu wake. Mei 1950 walikosekana maelfu kwa siku moja na hakuna aliyehitaji kueleza alikuwa wapi. Serikali ilijibu kwa mabomu ya machozi na kukamata watu, na waliopoteza kazi walikuwepo. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini mwa nchi hadi mwaka 1961. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, hapo ndipo swali la langoni lilipopata jibu la kwanza la maana.

Uhuru ulipokuja, jela kwa kosa la kukosa kazi ilikuwa imepitwa na wakati. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba dhidi ya adhabu za jinai kwa wafanyakazi wa makoloni tangu 1939. Mambo mengi yalibadilika na sitayapitia yote: mkataba wa mahusiano kazini wa 1962, mahakama ya viwanda mwaka 1964, NHIF mwaka 1966, Sheria ya Ajira ya 1976. Lakini chukua Sheria ya Ajira ya 2007, hii tunayoitumia leo, na ufungue kifungu cha 44. Kinaorodhesha makosa ambayo mwajiri anaweza kukufutia kazi papo hapo. La kwanza kwenye orodha: kukosekana mahali pa kazi bila ruhusa au sababu nyingine halali. Linalofuata: kulewa saa za kazi. Kisha kuzembea. Kisha matusi kwa mwajiri. Kisha kukataa amri halali.

Ni orodha ya mabwana na watumishi. Jela imeng'olewa mwishoni na kufutwa kazi kukawekwa mahali pake, lakini mifupa ni ile ile. Hata kifungu cha 34, kinachomtaka mwajiri awape wafanyakazi wake dawa ya kutosha wakiugua na, kama itawezekana, matibabu wakiugua sana, kina harufu ya shamba la mlowezi. Kama itawezekana!

Sisemi sheria ya 2007 ni mbaya. Kifungu cha 30 kilileta kitu ambacho mtu wa tiketi hakukiota. Ukishafanya kazi kwa mwajiri miezi miwili mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, ndani ya kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini. Mikataba ya vyama vya wafanyakazi mara nyingi inatoa zaidi. Unatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, na sheria inakuruhusu umtume mtu akujulishie, kwa hivyo simu ya mke wako au ya jirani inahesabika. Na unatakiwa kuleta cheti kilichosainiwa na daktari au na anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Hiyo ndiyo karatasi ambayo Indastria nzima inaiita sikofu.

Sikofu ndiyo kipande cha siku hizi, na nasema hivyo nikijua kwamba ulinganisho una mipaka. Ni karatasi inayosimama kati ya mwili wako na mkate wako. Aliyelazwa hospitalini anayo. Aliyeamka na tumbo la kuendesha, akanywa maji ya chumvi na sukari, akalala mpaka jioni akapona, hana. Aliyenunua vidonge kwa duka la dawa kwa sababu kliniki ingemmeza pesa ya wiki, hana. Ndiyo maana River Road kuna soko la karatasi hizi, na ndiyo maana ofisi za wafanyakazi zimekuwa na macho makali kwa mihuri. Mwongo na mgonjwa maskini wanaonekana sawa mezani: wote wawili hawana karatasi nzuri.

Neno kutoroka pia halijafa. Barua za kufutwa kazi bado zimejaa maneno kwamba fulani "alitoroka kazini". Hapa mahakama imefanya kazi nzuri. Imesema mara nyingi kwamba kukosekana ni kitu kimoja na kutoroka ni kingine. Anayetoroka ana nia ya kutorudi. Mwajiri anayedai mtu ametoroka anatakiwa aonyeshe alichofanya kumtafuta: alipiga simu, aliandika barua, alimtaka ajieleze. Na kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kutoweza kazi kiafya, ni lazima umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Aliyefutwa bila hayo anaweza kulipwa hadi mishahara ya miezi 12. Yaani baada ya karne moja, sheria inamtaka mdosi naye ajibu swali: ulimtafuta wapi?

Lakini hayo yote yana mlango, na mlango ni ile miezi miwili mfululizo. Kibarua, kwa maana ya sheria, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo. Kila asubuhi ni mkataba mpya, kwa hivyo hawezi kuugua kazini; akiugua, hana kazi ya kukosa. Kifungu cha 37 kinajaribu kuziba tundu hilo. Ukifanya kibarua mfululizo kwa muda unaofika mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, unageuka mfanyakazi wa mkataba, na baadaye haki nyingine zinafuata.

Waajiri nao wamesoma kifungu hicho. Baada ya kuacha chuo nilifanya kibarua cha kupakia katoni kwenye kiwanda kimoja, miezi michache tu. Kila baada ya wiki tatu na kitu tulikuwa tukipumzishwa siku kadhaa bila kuelezwa sababu. Kisha tunaitwa tena, majina mapya kwenye daftari jipya. Wazee wa pale walikuwa na miaka tisa ya wiki tatu tatu. Mmoja alikuwa na kikohozi kilichotusumbua sote, na hakukosa hata siku moja. Alisema akikosa, kesho atakuta kijana amesimama mahali pake, na hakukosea, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mahali pa mtu.

Burma mambo ni ya mdomo zaidi. Mwenye kibanda ana mkataji, ana wa kubeba, ana wa kuosha, na hakuna daftari la kugeuza. Anayebeba paja la ng'ombe begani tangu saa kumi alfajiri analipwa kwa mzigo au kwa siku. Akiugua humtuma ndugu au rafiki amshikie nafasi, na pesa ya siku hiyo ni ya aliyeshika. Ni likizo ya ugonjwa iliyotungwa na watu wenyewe, na inategemea aliyekushikia akurudishie nafasi yako.

Mtu wa namna hiyo akienda kudai haki yake, kitu cha kwanza atakachohitaji ni kuonyesha kwamba alikuwa hapo mfululizo. Sheria inamtaka mwajiri ndiye aweke rekodi, na asipozileta mahakamani mzigo wa kukanusha madai ni wake. Hiyo inasaidia, ila kesi inaanza na mfanyakazi kuwa na kitu mkononi. Wengi siku hizi wanalipwa kwa M-Pesa, na meseji za malipo zimekuwa tiketi mpya. Ukizipanga unaona siku zote za kazi za mtu, mwezi baada ya mwezi: Jumatatu pesa iliingia, Jumanne pesa iliingia, Jumatano na Alhamisi hakuna kitu, Ijumaa pesa iliingia.